Kanula kwenye mdoli safi, wodini natetemeka

SWALI: Shikamoo dada, nasoma unesi hapa Tabora. Kwenye mdoli wa mazoezi kanula (kile kimrija cha plastiki chenye sindano cha kuwekea dripu) inaingia fresh ila wodini mkono unatetemeka, juzi nimemchoma bibi wa watu mara tatu. Rafiki yangu anasema niwe narudia kichwani kabla ya kulala, kweli au ananizingua?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakuzingui, hata madaktari wa upasuaji wapo wanaofanya hivyo, ila usiishie kujiona umefaulu tu. Funga macho upitie kwa mwendo ule ule wa kweli: funga mpira wa kubana mkono, papasa mshipa mpaka uusikie unabonyea na kurudi chini ya kidole, spiriti na uiache ikauke (hapo wengi mnakimbilia!), vuta ngozi, ingia nyuzi 15 hadi 30, damu ikichungulia laza sindano kidogo, sogeza kidogo tena ndo usukume kimrija cha plastiki, halafu fungua mpira KABLA hujachomoa sindano, la sivyo mashuka yanalowa damu. Msikie na bibi analalamika "unaniumiza", unamjibuje? Hatua ukikwama kichwani ndo hujaijua, kamuulize mwalimu. Mdoli usiuache lakini, na wodini ukikosa mara mbili muite nesi mzoefu, ya tatu usijaribu.