Nyati kwa miguu miomboni: nyayo zipo, shida ni upepo

Mgeni anayefika kwenye kitalu cha uwindaji kusini mwa Tanzania huuliza habari za bunduki kabla hajaketi. Hilo ni la dakika tano. Kwa nyati isiwe chini ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi), na awe amezoea kuipiga akiwa amesimama, mtutu ukiwa juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja. Kulenga vizuri bunduki ikiwa imeegemezwa mezani hakumsaidii sana huku porini. Safari nyingi huharibiwa na upepo.

Nyati hunywa maji usiku au alfajiri, hula wakielekea vivulini, na jua likipanda hulala. Kwa hiyo kabla ya mapambazuko gari huzungukia mabwawa na mito ya mchanga kutafuta unyayo wa siku ileile. Usitazame ukingo wa kwato peke yake, maana mchanga mkavu hudanganya. Wadudu wa usiku huacha vijistari mchangani: vikikatiza juu ya unyayo, nyati amepita zamani, unyayo ukivifuta, ufuate. Kinyesi nacho kivunje kwa kijiti. Juu hukauka upesi kwa jua, kwa hiyo amini unyevu na joto la ndani. Matope mabichi kwenye gome la mti, usawa wa kiuno cha mtu au juu kidogo, ni dalili nzuri ya madume wazee, ambao hupenda kugaagaa na hutembea wawili watatu.

Mfuata nyayo hutangulia, nyuma yake mwindaji bingwa anayeongoza msafara, kisha mgeni, halafu mbeba maji na askari wanyamapori. Bunduki ya mgeni haina risasi chemba mpaka aambiwe, na mtutu hauelekei mgongo wa mtu. Mazungumzo ni ya mikono.

Sasa upepo. Beba soksi kuukuu yenye majivu yaliyochekechwa, uitikise kila baada ya dakika chache. Asubuhi majivu huenda upande mmoja. Ardhi ikishapata moto, kuanzia kama saa nne na nusu, yanakwenda mbele, yanasita, yanakurudia usoni. Ikiwa saa hiyo nyayo zimeingia kichaka kizito, kaeni chini ya mti mpaka alasiri. Hapa ndipo wageni hukasirika: wametembea kilometa nane, wanyama wako karibu, nao wanaambiwa walale! Lakini ukilazimisha utasikia kishindo cha matawi tu. Nyati aliyeona kitu asichokielewa huenda akakimbia kidogo na kusimama. Aliyenusa mtu hukimbia mbali, na akisimama huangalia alikotoka.

Mavazi yawe ya pamba, rangi ya majani makavu. Nailoni hukwaruza miibani ikasikika, na bluu na nyeusi huita mbung'o. Mikono mirefu ni kwa ajili ya upupu. Ukikupata usijikune, utausambaza. Maji lita tatu hadi nne kwa kila mtu. Viatu vipya viache nyumbani.

Ukifika mita sitini au sabini, subiri dume asimame ubavu na pasiwe na mwingine nyuma yake. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Risasi ya kwanza iwe ya ncha laini, inayopanuka ikigonga, zinazofuata ngumu, zisizopanuka. Piga tena maadamu unamwona. Wengi husimama kushangaa risasi yao, na hilo ndilo kosa linalozaa nyati majeruhi.

Akiingia kichakani, tulieni kama nusu saa, msikilize. Mlio mrefu mzito mara nyingi ni wa kufa. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu. Nyeusi yenye majani ni tumbo, na huyo ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa huweza kuzunguka na kulala kando ya njia yake mwenyewe akikungoja. Mfuata nyayo atazame chini, wenye bunduki watazame pembeni na mbele, mgeni abaki nyuma. Mkimkuta amelala, mwendeeni kwa nyuma, gusa jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, risasi nyingine.