Wahusika si wapumbavu, mafuta ndiyo yalipimwa pungufu

Mkuu, umeuliza kwa nini watu katika hadithi fupi za kubuni za kisayansi wanachorwa wapumbavu kiasi kile, wanajichimbia shimo huku wanaona. Ukaongeza kwamba hakuna ofisi ya watu timamu inayoendeshwa vile. Mimi nimefanya kazi kwenye ofisi ya namna hiyo, na mmoja wa hao wapumbavu nilikuwa mimi. Ila ngoja nianze na hadithi.

Ipo ya Tom Godwin ya mwaka 1954, "The Cold Equations". Rubani yuko kwenye chombo kidogo, anapeleka dawa kwa watu sita wanaougua homa kwenye sayari ya mbali. Dawa yao wenyewe iliharibiwa na kimbunga. Safari imeshaanza, mara kipimo kinamwonyesha kuwa kabatini kuna kitu chenye joto la mwili. Ni binti wa miaka 18, amejificha ili akamwone kaka yake. Mafuta yamepimwa sawasawa na uzito wa rubani na mzigo wake. Binti akibaki, chombo kitaanguka na wale wagonjwa watakufa. Sheria inataka atupwe nje, na kweli anatoka. Godwin mwenyewe alikuwa anatafuta njia ya kumwokoa, mhariri wake John W. Campbell akawa anamrudishia kazi mpaka binti afe.

Nilipoisoma nikiwa chuo nilisema basi, hesabu haina huruma, ndiyo dunia. Nilipoirudia nikiwa nimeshakuwa mtunza stoo, nilikasirika. Rubani kapewa silaha. Kanuni zina kifungu kabisa cha watu wanaojificha. Maana yake jambo lenyewe linajulikana na limeshafikiriwa. Sasa mlangoni kumewekwa nini? Kibao cha kukataza wasiohusika, basi. Hakuna anayefungua kabati kabla ya safari. Binti alikiona kile kibao, akadhani akikamatwa atalipa faini. Na tone la mafuta ya akiba hakuna. Hayo hayakupangwa na nyota, yalipangwa na kikao. Si mimi wa kwanza kulisema hili, wasomaji wamelipigia kelele miaka mingi.

Haya, kikao chetu sasa. Nilikuwa natunza stoo kwenye hospitali moja, jina tuliache. Maabara ilikuwa na jokofu la damu na jenereta yake ndogo. Damu inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 6, ikishapita 10 haongezewi mtu tena. Mwaka ule tukaambiwa tubane matumizi. Nikachukua daftari la kukatika kwa umeme, nikajumlisha, nikagawanya: wastani wa saa 20 kwa mwezi, jenereta inakula lita mbili kwa saa, kwa hiyo lita 40. Madumu mawili. Zamani tulikuwa tunaagiza matano. Bosi alinisifia mbele ya watu, na mimi nikavimba kichwa. Wastani ni kitu kitamu sana ukiwa umekaa kwenye kiti.

Mwisho wa mwezi mmoja, Ijumaa usiku, transfoma ikaungua. Umeme ulirudi baada ya saa 31. Lilikuwa limebaki dumu moja, tena halijajaa, lina lita 16. Piga hesabu mwenyewe. Sanduku la baridi tulikuwa nalo, ila vibarafu vyake vilikuwa kwenye friza ya jengo lilelile, vimeshakuwa maji. Dizeli ya kununua haikupatikana kwa sababu fedha haitoki bila sahihi, na mwenye sahihi alikuwa msibani, simu haipatikani.

Jumapili asubuhi nikamkuta dada wa maabara amefungua jokofu. Kipimajoto kinasoma 19. Mifuko ilikuwa 14. Alikuwa anautoa mmoja mmoja, anasoma kundi na tarehe, anaandika kwenye rejista, anauweka kwenye ndoo nyekundu. Hakuniambia neno. Mmoja ulikuwa O hasi, kundi linaloweza kupewa karibu mgonjwa yeyote, huo aliushika muda mrefu kidogo kuliko mingine.

Ndiyo maana hadithi ya Ray Bradbury ya 1950, "There Will Come Soft Rains", huwa inanikera vibaya. Nyumba inayojiendesha huko California inaendelea kupika staftahi ilhali wenyewe wameshaunguzwa na bomu, vimebaki vivuli vyao ukutani. Wengi hulikumbuka bomu. Mimi nakumbuka moto unaoishika ile nyumba mwishoni: mabomba yanamwaga maji, kisha yanakauka, kwa sababu maji ya akiba yalikuwa yakijaza mabafu na kuosha vyombo vya watu ambao hawapo. Dumu letu lilelile.

(Arthur C. Clarke anayo ya upande wa pili, "Superiority" ya 1951: jeshi linashindwa vita kwa kukimbilia kila silaha mpya kabla ile ya jana haijazoeleka. Inachekesha. Isome ukishamaliza hizo mbili.)

Unajua ofisi ilimkamata nani? Mlinzi. Jumatano ya wiki ile aliwasha jenereta saa mbili nzima ili aangalie mpira, akala lita nne. Alikosea, simtetei. Ila lita nne ni saa mbili, na giza lilikuwa la saa 31. Bosi alisema wazi kwamba bila mlinzi damu isingeharibika, na watu wazima wenye vyeti vyao wakatikisa vichwa kukubali. Tulikuwa tumepata binti wetu wa kumtoa nje ya chombo.

Barua ya kumsimamisha niliichapa mimi. Karatasi yangu ya lita 40 ilikuwa kwenye faili la pembeni yake, mezani palepale, na hakuna aliyelifungua.