Kabla ya Kufunga Banio, Fuateni Mfereji

Katika kipindi nilichokuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji katika Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, Tanzania, niliona kwamba ugomvi wa maji haumalizwi na kibali cha kutumia maji wala na askari. Mito kama Mbarali, Kimani na Chimala humwaga maji yake Ruaha Mkuu, mto unaopita kwenye ardhioevu ya Ihefu na ambao tangu 1993 hukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kabla ya kufika kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu. Lawama zote humwangukia mkulima wa juu ya mto. Mwaka 2006 Serikali ilianza kuwahamisha wafugaji na mifugo yao kutoka bondeni, na mto ukaendelea kukauka.

Kikao cha vijiji vya juu na vya chini ya mto kifanyikie kwenye banio lenyewe, yaani kizuizi kinachoingiza maji ya mto mferejini, na wenzetu wa chini wafungue mazungumzo. Ofisini kila upande huchomoa kibali chenye lita kwa sekunde ambazo mwezi wa Oktoba mto hauna. Mtoni hakuna abishanaye na kina anachokiona. Kwa hiyo gawaneni kwa mafungu, ili mto ukipungua kila mmoja apungukiwe.

Kisha fuateni mfereji hadi mwisho. Kiangazi kimoja tuliufuata na wazee wa kijiji cha chini, waliokuwa na hakika kwamba tunamwagilia mpunga kwa wizi, tukakuta majaruba makavu yenye mabua matupu. Sehemu kubwa ya maji ilikuwa imenywewa na ardhi njiani, na kilichobaki kilitosha ndoo za akina mama na wafyatua matofali wachache.

“Katibu,” mzee mmoja akaniambia, “hawa wanahitaji kisima, hawahitaji mto.”

Kauli hiyo ilitufaa kuliko barua zote tulizoandikiana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, huyatanguliza matumizi ya nyumbani, hivyo kisima kitangulie ndipo banio lifungwe. Ukianza na banio, litavunjwa usiku, na sitamlaumu aliyelivunja.

Walinzi wa banio wawe wawili, mmoja kutoka kila kijiji, na posho yao ichangwe na pande zote kabla ya kiangazi kuanza, kwa sababu mlinzi asiyelipwa hununuliwa kwa debe moja la mpunga.