Gari linakupiga shoti ukishuka? Usifumue nyaya kwanza

Mkuu uliyeuliza kwanini kila ukishuka na kushika mlango gari linakupiga shoti, na fundi keshakwambia inabidi afumue nyaya zote atafute panapovuja, mwambie asubiri kwanza. Betri ya gari ni volti 12, ukishika nguzo zake zote mbili kwa mikono mikavu hata husikii kitu. Hiyo inayokupiga mpaka unaruka ni maelfu ya volti na haijatoka kwenye gari, umeitengeneza wewe mwenyewe na siti yako. Ni umeme tuli. Mimi ni fundi simu na kompyuta, hii kitu nashinda nayo mezani kila siku kwahiyo nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Kila kitu kina chaji chanya na chaji hasi, kwa kawaida ziko sawa ndo mana huoni chochote. Ukigusanisha vitu viwili tofauti, tuseme suruali ya poliesta na kitambaa cha siti, elektroni (chembe ndogo sana zenye chaji hasi) kidogo zinahama kutoka huku kwenda kule, kwa sababu kuna vitu vinang'ang'ania elektroni kuliko vingine. Kioo, nywele, naironi na sufu huwa vinaziachia kirahisi, poliesta na plastiki ya PVC na teflon vinazichukua, pamba na karatasi ziko katikati hazina makuu. Vikiachana, kimoja kinabaki na ziada na kingine kinabaki na upungufu, na kama vyote havipitishi umeme basi chaji haina pa kukimbilia, inakaa hapo hapo.

Shuleni tuliambiwa msuguano ndo unazalisha. Siyo uongo ila haijakamilika, kazi yenyewe inafanywa na kugusana na kuachana. Kusugua kunasaidia kwa sababu nyuso mbili hata zikionekana laini vipi zina vilima na mabonde, ukizilaza tu zinagusana kwa nukta chache, ukisugua nukta nyingi zaidi zinapata zamu. Ushahidi ni solotepu, ukiibandua haraka kutoka kwenye roli hujasugua kitu lakini isogeze karibu na mkono uone inavyojipinda kuufuata. (Na mpaka leo wanasayansi bado wanabishana ni nini hasa kinachohama pale kwenye plastiki, elektroni peke yake au pamoja na ioni (atomi zenye chaji) na vipande vidogo vya plastiki yenyewe, kwahiyo anayekwambia jambo hili limeisha mkwepe.)

Sasa swali la kwanini ukiwa umekaa hupigwi ila ukishuka tu unapigwa, hapa ndo patamu. Ukiwa kwenye siti chaji yako na chaji ya siti zimekaribiana na zinavutana, volti ziko chini. Ukinyanyuka chaji ni ile ile haijaongezeka, ila umezitenganisha na zenyewe zilikuwa hazitaki kuachana, kwahiyo misuli yako imefanya kazi ya ziada bila wewe kujua na kazi hiyo imegeuka kuwa volti. Unashuka na viatu vya soli ya raba ambayo haipitishi, mwili mzima uko na volti 5,000 au 10,000 na hewa ikiwa kavu sana hata zaidi, afu unapeleka kidole kwenye chuma. Hewa inahitaji kama volti 3,000 kwa kila milimita ili ipasuke na kupitisha umeme, kwahiyo kidole kikibakiza milimita chache tu, tap, cheche inaruka kabla hujagusa.

Mbona haiui wakati umeme wa nyumbani wa volti 230 unaua? Fikiria maji kijiko kimoja yaliyodondoshwa kutoka ghorofa ya kumi, kimo ni kikubwa ila maji yenyewe ndo hayo hayo. Mwili wa mtu unahifadhi chaji kama kapasita (kifaa cha kutunza chaji) ndogo sana ya pikofaradi 100 mpaka 200 hivi, ukipiga hesabu kwa volti 10,000 unapata nishati ya milijuli 5 mpaka 10, na inaisha yote ndani ya muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Umeme wa ukutani unaendelea kuja tu mpaka mtu akuokoe.

Ila kidogo kwa mwili siyo kidogo kwa kila kitu. Mvuke wa petroli unaweza kuwaka kwa cheche isiyofika hata milijuli moja. Ndo mana kwenye pampu hutakiwi kurudi kukaa garini wakati mafuta yanaingia afu ushuke tena kushika mpira wa mafuta, ukishuka shika bodi ya gari kwanza mbali na tundu la tanki. Na dumu ukijaza liweke chini kwenye ardhi, usilijazie juu ya pikapu yenye sakafu ya plastiki, mana mafuta yenyewe yakipita kwenye bomba yanajichaji na pale chaji haina njia ya kushuka.

Kwetu mafundi ndo balaa zaidi. Binadamu anaanza kuisikia shoti ya umeme tuli kwenye volti 2,000 au 3,000, ila kuna chipu zinakufa chini ya volti 100. Ndani yake kuna utando mwembamba sana wa aina ya kioo, cheche usiyoiona wala kuisikia inautoboa na basi. Mbaya ni pale unapotoboka nusu, kompyuta inawaka vizuri mteja anaondoka kafurahi, baadaye inaanza kujizima yenyewe na hakuna anayejua kwanini. Ndo mana tunavaa ule mkanda wa mkononi wenye waya unaokwenda ethi, yaani ardhini, ndani yake kuna rezista (kipunguza umeme) ya megaomu moja makusudi ili chaji ishuke taratibu, na ukigusa umeme wa ukutani kwa bahati mbaya ethi isikuue. Zile bahasha za kijivu zinazong'aa ambazo vipuri vya kompyuta vinakuja navyo pia zinakinga kilicho ndani, sio bodi ya kompyuta uliyoiweka juu yake kama wanavyofanya kwenye video.

Vumbi nalo. Ukibandua ile plastiki ya juu kwenye kioo kipya cha simu unasikia kama inachanika, kioo kinabaki na chaji, na unaona kabisa kwa macho unyoya wa vumbi unanyanyuka kwenye meza unajibandika katikati ya skrini, mahali pabaya kuliko pote. Kuna wanaobandika protekta (ule utando wa kulinda skrini) bafuni baada ya maji ya moto na mnawacheka, wako sahihi, mvuke unashusha vumbi na unyevu unaondoa chaji. Unyevu ndo adui mkubwa wa hii kitu, unatandika utando mwembamba wa maji juu ya kila kitu na chaji inateleza polepole inaondoka. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 40, au ukikaa na eisi muda mrefu, shoti zinaanza.

Kwahiyo mkuu fanya hivi: kabla hujanyanyua makalio kwenye siti shika chuma cha fremu ya mlango, chuma sio plastiki, na usikiachie mpaka mguu ukanyage chini. Chaji inashuka kadri inavyozaliwa, haipati nafasi ya kupanda. Ukisahau, gusa gari kwa ncha ya funguo uliyoishika vizuri, cheche itaruka kwenye funguo badala ya kwenye ncha ya kidole palipojaa mishipa ya fahamu, hutasikia maumivu. Nguo ya pamba nayo inasaidia sana. Ule mkanda wa raba unaoburuzwa nyuma ya gari mi siupigii debe, tairi zenyewe zina masizi ya kaboni yanayopitisha kidogo, na wewe uliyeshuka na chaji yako mkanda haukuhusu.

Kitu kimoja cha kuangalia: umeme tuli unapiga mara moja, ukigusa tena hapo hapo hakuna kitu. Kama kuna chombo cha umeme, friji au hita au feni, ambacho kila ukigusa kinakuwasha na kinaendelea kukuwasha bila kuacha, huo siyo umeme tuli, ni umeme wa ukutani unavuja na huenda ethi haipo. Hapo chomoa, ndo umuite fundi.