Kiendelezi hakitibiwi kwa kiendelezi

Swali: Nina viendelezi (programu ndogo za kuongezea kivinjari) kumi na vinne kwenye Chrome. Juzi niligundua kuwa kile cha kupiga picha ya skrini kinaruhusiwa "kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote". Rafiki yangu ananiambia nisihangaike: niongeze kiendelezi cha VPN ya bure, na mambo ya benki niyafanye kwenye hali fiche (incognito), dirisha lisilohifadhi historia. Je, inatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Nia ya rafiki yako ni njema, lakini amekushauri uongeze fisi wa pili kwenye bucha.

Hali fiche tuimalize haraka. Humo Chrome huzima viendelezi mpaka uviruhusu mwenyewe, kimoja kimoja. Hapo ana nusu ya ukweli. Ila kile cha VPN kitakuomba ukiruhusu humo pia, na wengi hukubali bila kusoma.

Kinachonichosha ni imani kwamba faragha iliyovuja kwa kiendelezi huzibwa kwa kiendelezi kingine. VPN hufunika njia kati ya kompyuta yako na mtandao. Kiendelezi hakipo njiani, kimo chumbani. Kwa ruhusa uliyoitaja, kinauona ukurasa wa benki ukiwa umeshafunguliwa, salio likisomeka, na kinaweza kudaka nenosiri herufi kwa herufi kabla hujabofya kitufe cha kuingia. Ile alama ya kufuli kwenye anwani haikizuii hata kidogo.

Tena wanaojinadi kuwa walinzi ndio wa kuangaliwa kwa jicho kali zaidi. Avast, kampuni ya programu za kuzuia virusi, iliwapa watu programu na viendelezi vilivyoahidi kuzuia wafuatiliaji, huku historia za kuvinjari za watu hao hao zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka ilipe dola milioni 16.5. Hilo ni jina kubwa. Sasa VPN ya bure isiyo na anwani wala mwenyewe anayejulikana, mitambo yake inalipiwa na nani?

"Lakini kina nyota nyingi na kimetoka duka rasmi." Nalisikia hili kila wiki. Nyota zilitolewa kwa toleo la jana. Leo kimejisasisha chenyewe, nawe hukuambiwa. The Great Suspender, kilichopumzisha vichupo (tabs) visivyotumika, kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili na sifa nzuri. Mwaka 2020 mwenyewe akakiuza. Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Watumiaji hawakuwa wamebadilisha chochote. Na hapa ndipo penye mtego: kiendelezi kikitaka ruhusa mpya nzito, Chrome hukizima mpaka ukubali. Kama ulishakipa tovuti zote siku ya kwanza, mmiliki mpya hana haja ya kukuomba kitu.

Kwa hiyo, hicho cha picha: bofya aikoni yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda kwenye ruhusa ya kusoma data za tovuti, uchague kifanye kazi pale tu unapokibofya. Kikigoma, kiondoe, kompyuta yako inajua kupiga picha ya skrini bila msaada wa mtu. Vilivyobaki kumi na vitatu vipitie hivyo hivyo. Niliwahi kukuta kikokotoo kinachodai tovuti zote. Kikokotoo! Kujumlisha kunahitaji kusoma barua pepe ya nani?

Shughuli za benki zifungulie wasifu (profile) wake peke yake kwenye kivinjari, usio na kiendelezi hata kimoja. Ni bure, na dakika mbili zinatosha.

Wale wenye video za "viendelezi kumi vya lazima" hawakwambii jambo moja zaidi: kukiondoa hakurudishi kilichokwisha kutoka. Kama kiendelezi kiliiba vidakuzi (cookies) vya akaunti yako, yaani alama zinazoiambia tovuti kuwa umeshaingia, mwizi anaweza kuingia bila nenosiri na bila ule msimbo wa kwenye simu, maana tovuti inamwona kama wewe uliyekwisha kuingia. Ukikitilia shaka, kiondoe kwanza, ndipo ubadilishe nenosiri, kisha utafute kwenye mipangilio ya akaunti pale pa kutoka katika vifaa vyote. Ukianza na nenosiri kikiwa bado kimo, umempa na jipya.