Mate Hunijaa Nikishika Kisu Tu

SWALI: Shikamoo mama. Nauza maembe mabichi karibu na stendi hapa Lindi, nayakata vipande nayatia chumvi na pilipili. Nikishika kisu tu, kabla sijaonja chochote, mate yananijaa mdomoni. Mama yangu mzazi, ninayeishi naye, ana shida ya kinyume: tangu aanze vidonge vya mzio kinywa kimemkauka, usiku anaamka kutafuta maji, na ugali anasema haushuki. Je, tunaumwa sote wawili? – Muuza maembe, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe huumwi. Mama yako ndiye wa kuangaliwa, na nitamfikia.

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya meno hapa Mtwara kwa miaka mingi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kushika mrija wa kunyonya mate. Namkumbuka mvuvi mmoja wa Mikindani aliyekuja kung'olewa jino. Alipoketi kitini ulimi ulikuwa umegandama kwenye kaakaa, hata jina lake alilitaja kwa shida. Hofu ile. Daktari alipomwingiza kioo mdomoni, mate yakaanza kujaa chini ya ulimi, mrija wangu ukawa hauyawahi. Kinywa ni kilekile, na yeye hakuamua lolote kati ya hayo mawili.

Ndivyo mate yalivyo: hayangoji uyaagize. Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kwa siku hutoa kama nusu lita hadi lita moja na nusu. Kitu kikigusa ulimi au meno yakitafuna, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na amri hurudi papo hapo kwenye tezi: toeni. Kichanga huzaliwa nayo hiyo. Ukiingiwa na hofu, amri hiyo hunyamazishwa; mate yanayobaki ni machache na mazito, ndiyo maana tunasema fulani mate yalimkauka.

Habari ya kisu chako ni nyingine, hiyo umejifunza. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, aliona mbwa wake wakitoa mate kabla chakula hakijafika, kwa kumwona tu mtu aliyezoea kuwalisha. Kinywa chako nacho kimeshakariri: kisu, harufu ya ganda, kisha uchachu. Lakini fanya jaribio. Tazama kipande cha embe bila kukila, uhesabu unameza mate mara ngapi kwa dakika moja. Kisha kiweke ulimini. Utaona kutazama huongeza kidogo tu. Ladha ndiyo inayofungulia bomba, na hakuna ladha inayoyavuta mate kama uchachu. Ule mkazo unaousikia chini ya sikio kwa tonge la kwanza ni tezi zenyewe zinajikamua.

Bibo la korosho lina vituko vyake. Maji yake huyavuta mate vizuri, halafu ukakasi unafuata na ulimi unakuwa kama umepakwa chokaa. Mate hayajakoma: tanini ya bibo, yaani kile kitu kinacholeta ukakasi, imezishika protini zinazoyafanya yateleze.

Sasa mama. Vidonge vingi vya mzio huizuia ile amri isifike kwenye tezi, na yeye si wa kwanza kupatwa na hilo. Usiku ni kubaya zaidi, kwa sababu tukilala mate hupungua karibu kukoma kwa kila mtu. Naomba msilidharau jambo hili. Mate ndiyo yanayosuuza meno na kuyalinda na asidi. Nimewaona wazee waliokaa na kinywa kikavu, meno yakaoza kwenye shingo, pale yanapokutana na ufizi, moja baada ya jingine. Inaniuma, maana ingezuilika.

Asiache dawa mwenyewe. Arudi kwa aliyemwandikia aulize kama ipo nyingine au kipimo kinaweza kubadilishwa. Wakati huo anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, atafune bigijii isiyo na sukari, maana kutafuna kwenyewe huyaita mate, na apige mswaki kwa dawa yenye floridi kabla ya kulala. Asinyonye ndimu wala maembe yako siku nzima. Uchachu kwenye meno yasiyo na mate huyala. Na kama kiu ni kali na anakojoa mara nyingi, apimwe sukari bila kuchelewa.

Akienda, abebe pakiti ya vidonge vyenyewe. Wazee wengi hufika wakasema "vile vyeupe vidogo", na vyeupe vidogo ni vingi mno.