Binti hapati usingizi, na anasema anatamani asiamke

SWALI: Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mwezi wa pili sasa usingizi haumjii mpaka saa tisa usiku, na akilala anagutuka kwa ndoto mbaya. Juzi kaniambia, "Mama, natamani nilale nisiamke." Baba yake anasema ni simu tu. Nimnunulie dawa ya usingizi?
Mama M., Morogoro

JIBU: Dawa usinunue, mama. Shughulikia kwanza kauli ile, leo hii. Kijana anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, hasa mwenye ndoto za kutisha, yumo katika hatari zaidi ya kufikiria kujiua, hata pale sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) isipoonekana wazi.

Kaeni wawili, umuulize bila kuzunguka: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa ruhusa ya kulitoa. Usimkaripie, wala usianze na habari za dhambi. Akikubali, uliza kama amepanga. Kama amepanga, asiachwe peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kama hajapanga, bado aonwe na mtaalamu wa afya ya akili wiki hii. Vyovyote iwavyo, dawa zote na sumu za shamba ziondoke nyumbani au zifungiwe, ufunguo ukae nawe. Dawa ya usingizi ingekuwa kitu kingine cha kufungia. Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, bure.

Baba yuko sahihi nusu. Simu huchelewesha usingizi, lakini saa ya mwili wa kijana, inayoamua usingizi uje lini, nayo huchelewa kwa saa moja hadi mbili, ilhali anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 mpaka 10. Anayeamka saa kumi na moja kuwahi shule hawezi kuzipata akilala saa tisa. Huo si uvivu. Kumpokonya simu kwa hasira huharibu mambo, maana huenda ndiyo rafiki pekee anayemliwaza usiku. Kubalianeni simu zote, zenu pia, zichajiwe sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana. Muda wa kuamka usipishane zaidi ya saa moja, hata Jumapili. Akikaa kitandani kama dakika 20 macho makavu, ainuke, akae kwenye mwanga hafifu mpaka asinzie.

Ndoto nazo zina dawa yake. Mchana aandike ndoto inayojirudia, aibadilishe mwisho apendavyo, kisha aipitie mpya akilini dakika 10 kila siku. Kwa mtaalamu mzitaje ndoto hizo waziwazi, na apewe nafasi ya kuongea bila ninyi kuwepo. Wakati mwingine nyuma ya ndoto kuna jambo alilofanyiwa, ambalo hajathubutu kulisema nyumbani.